Mikono Usiichore

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetandaza picha mbili uani zipate upepo, nikazikimbiza ndani moja moja huku nimejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Jirani aliniona akacheka. Ningecheka naye kama si huu mgongo.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikichanganyikiwa nije nisome hapa. Maonyesho yangu yanafunguliwa Ijumaa tarehe 25 Aprili. Ni ya kwanza ya peke yangu, na nina miaka hamsini na mmoja. Ukumbi unataka picha kumi na mbili. Tisa ziko tayari, mbili hazijakauka, na ya kumi na mbili haijaanza. Hiyo ndiyo ya Baba. Mkuu wa ukumbi, ambaye wachoraji wote tunamwita Madamu, ameshaitengea ukuta wa mbele, ule unaoonana nao uso kwa uso ukiingia tu mlangoni. Ameutenga kwa picha ambayo haipo.

Baba mwenyewe hajui kwamba anachorwa.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anasikiliza redio, akaipunguza sauti.

"Mimi? Kwa sura hii?"

"Sura hiyo hiyo, Baba."

"Kuna mtu atainunua?"

"Hii haiuzwi."

"Sasa hiyo ni kazi gani, mama? Kazi isiyouzwa?"

Baba alikuwa mchora vibao. Miaka arobaini kwenye ngazi: maduka, vinyozi, maduka ya dawa, shule, hata mahakama. Sifa yake ilikuwa mstari. Alivuta mstari mrefu bila rula, kwa pumzi moja, na watu walisimama upande wa pili wa barabara kumtazama. Aliacha kazi miaka mitatu iliyopita, na wanaouliza huambiwa macho yamechoka. Macho yake yanamwona sisimizi darini. Ni mikono. Inatetemeka, na wanaojua ni mimi, kaka yangu na daktari, basi. Nje ya nyumba mikono ya Baba hukaa mifukoni, na watu wamezoea kusalimiwa kwa kichwa.

Mwishowe alikubali, kwa sharti moja.

"Mikono usiichore."

Nikamwambia sitaichora. Nilisema haraka, bila kufikiri, maana nilichotaka ni akae kwenye kiti.

Jumatano, 5 Machi

Tumeanza. Amesinzia baada ya dakika kumi.

Ijumaa, 7 Machi

Amesinzia tena. Namchora mtu aliyelala, halafu macho namfungulia mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Kaka amepiga simu. Ameuliza maonyesho yanaleta nini. Nimemjibu yanaleta uchovu. Akasema mimi tangu utotoni ni mtu wa kulalamika, kisha akalalamika nusu saa juu ya kazi yake.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua siku ya nne mfululizo. Rangi hazikauki. Hizi zangu za mafuta, za tyubu, hata wakati wa jua zinataka wiki. Kwa unyevu huu nimegusa picha ya mwezi uliopita ikanifuata kidoleni. Chumba changu cha kazi kilikuwa stoo, hakina dirisha la maana, na bati linavuja penye pembe. Nimeweka ndoo. Ndoo ikijaa naimwaga, nikirudi nimesahau nilikuwa nataka kuweka rangi gani.

Baba alisimama mlangoni akanusa.

"Ya kopo ingekuwa imekauka jana."

"Ya kopo hupakwa mageti, Baba."

"Na mageti yanadumu," akasema, akaenda zake.

 Katika mji huu kuna vibao vyake vya miaka thelathini ambavyo bado vinasomeka, wakati mimi nahangaika na kitambaa ambacho ukikigusa kinakuchafua.

Jumamosi, 15 Machi

Nimesafiri kwenda na kurudi, saa sita njiani kwa jumla, na dirisha langu la basi halikufunga, hivyo nimelowa bega moja.

Madamu alitaka tuazime picha yangu ya zamani, ya Baba akiwa kwenye ngazi anaandika jina la duka. Niliiuza miaka ishirini iliyopita kwa daktari wa meno, na Madamu alitaka ining'inie kando ya hii mpya. Daktari alinipokea vizuri sana, akanipa chai, akanipeleka sebuleni kwake. Picha ipo. Ila fremu aliyoipenda ilikuwa fupi kuliko picha, basi akachukua mkasi akakata upana wa vidole vinne chini.

"Nilipunguza kidogo tu," aliniambia. "Ilikuwa ngazi tupu pale, hakuna kitu muhimu."

Ngazi haina miguu sasa. Baba yangu anaandika jina la duka akiwa ananing'inia hewani. Nilikaa nikaitazama kwa muda mrefu, daktari akadhani nimeguswa, akaniongezea chai. Nimeguswa kweli, lakini si na ngazi. Ni mkono. Nilikuwa nimesahau jinsi mkono ule ulivyokuwa. Umeshika brashi wala haujikazi, umetulia tu, unajua unachofanya. Niliuchora nikiwa na miaka thelathini na moja, na sikuona kitu cha ajabu, kwa sababu ndivyo mkono wa Baba ulivyokuwa kila siku.

Picha nimeiacha huko huko.

Jumapili, 16 Machi

Nimemsimulia Baba. Amecheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo nipo angani?"

"Angani kabisa. Hata kamba huna."

"Miaka yote nilijihadhari nisianguke, kumbe ngazi itakuja kukatwa na daktari wa meno!"

Alifuta machozi kwa bega. Kisha, bila kuniangalia, akauliza:

"Na mkono uliutoa vipi?"

"Umetulia."

 Akafungua redio.

Jumatano, 19 Machi

Leo asubuhi nimemkuta Baba kwenye ujia anafunga kifungo cha shati. Kimoja, cha juu. Alikuwa amenipa mgongo nusu, hakuniona. Vidole vilikifikia kifungo vikakipita, vikarudi, vikakishika, tundu likakwepa. Alikuwa anakisemesha kwa sauti ya chini, kwa upole, kama anavyobembelezwa mtoto mkaidi. Nilihesabu mara kumi na moja kabla hakijaingia.

Sikumsaidia. Ningeweza kukohoa nikatokea, nikasema Baba njoo nikufungie. Nilisimama kimya nikatazama, na nilikuwa natazama vivuli kati ya vidole. Alipomaliza nilirudi nyuma taratibu, nikaingia chumba cha kazi, nikavichora vyote kwenye karatasi kabla havijanitoka kichwani.

Sijui mtu wa namna hiyo anaitwaje. Mwizi angalau huondoka na kitu cha kuuza.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeichora. Kwenye picha yenyewe, chini ya uso na shati, pale ambapo nilikuwa nimeacha patupu.

Niliweka vidole kwanza kama vilivyo, kifungoni, kisha kabla rangi haijashika nikaburuta brashi kavu juu yake, mara moja tu, kuelekea kushoto. Kingo zikawa mbili mbili. Nilirudi nyuma hatua tatu, na mikono ilikuwa inatetemeka kwenye kitambaa. Sijawahi kufanya kitu kizuri kama hiki. Nasema bila kutia chumvi: miaka ishirini na sita nimefundisha watoto wa watu kuchora chungu na kikombe, nikichora vyangu Jumapili, nikingojea siku moja mkono wangu ufike pale macho yangu yanapofika. Umefika leo, katika kitu nilichoahidi sitakifanya.

Nimeifunika kwa shuka.

Jumatatu, 24 Machi

Baba amekaa kitini kama kawaida. Nimejifanya narekebisha sikio.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Sikio.

Ijumaa, 28 Machi

Madamu amekuja kukagua, na viatu vyake vya visigino vimezama uani. Nikamwonyesha picha zote kumi na moja, akawa anasema "sawa, sawa" kama mtu anayehesabu magunia. Nikaondoa shuka.  Akakaa juu ya ndoo yangu, ambayo bahati nzuri nilikuwa nimeigeuza.

"Hii," alisema. "Dada yangu, hii."

Akatoa simu akapiga picha tatu. Alisema kadi za mwaliko zitatoka na hii, ukuta wa mbele utakuwa wa hii peke yake.

"Mzee ameiona?"

Baba alikuwa upande wa pili wa ukuta, redio inaongea habari za kilimo. Nilitakiwa kusema hapana. Nilitakiwa kusema futa hizo picha kwenye simu yako.

"Atafurahi," nikasema.

Jumanne, 1 Aprili

Siku ya kwanza bila mvua baada ya wiki mbili. Nimetoa kila kitu uani. Saa nane ikanyesha.

Jumamosi, 5 Aprili

Kadi zimefika. Mia tatu. Madamu amekata uso, amekata shati, ameacha mikono peke yake, imejaa kadi nzima.

Za kwangu hamsini nimezificha chini ya godoro. Nina miaka hamsini na mmoja na ninaficha vitu chini ya godoro, katika nyumba ya baba yangu. Zilizobaki zimeshasambazwa mjini. Najipa moyo kwamba Baba hatoki siku za mvua, na kwamba nitamwambia kesho. Kila siku ninayo hiyo kesho yangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Sijamwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Amejua.

Alikuja Herufi Kubwa. Huyu naye alikuwa mchora vibao, mtaa ule ule na Baba, wakigombea wateja miaka thelathini. Baba ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu kila kibao chake kiliandikwa kana kwamba kinapiga kelele. Tangu wote wawili waache kazi wamekuwa marafiki, urafiki wa kuchokozana. Aliingia na mwavuli unachuruzika, na mkononi ana kadi.

"Hodi humu! Yuko wapi mtu maarufu? Mzee mwenzangu, hongera, mikono yako imefika mpaka kwa kinyozi wangu!"

Baba alikuwa mezani, mikono imelala chini ya meza, chai yake nimeimimina nusu kikombe kama kawaida. Herufi Kubwa akamnyooshea kadi. Baba hakuipokea.

"Iweke hapo nione."

Ikawekwa mezani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo.

"Ila nimuulize binti," Herufi Kubwa akasema, ananigeukia kwa furaha kabisa, "mbona umeichora kama inaona baridi?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia.

"Ni mtindo," alisema. "Hawa wa siku hizi wana mitindo yao. Wewe kaa, unywe chai."

Wakapiga soga saa nzima. Habari za wateja wa zamani, habari za nani kafa. Baba alicheka panapostahili kuchekwa. Chai yake haikuguswa. Alipoondoka mgeni, Baba aliendelea kuitazama ile kadi.

"Nilikuomba kitu kimoja," alisema.

"Baba, naomba uniwie radhi."

"Kimoja. Sikukuomba viwili."

Akainuka akaenda chumbani kwake. Alitembea vizuri kabisa. Miguu haina neno. Mlango aliusukuma kwa kiwiko.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakuja kukaa kwenye kiti. Picha imekwisha hata hivyo, lakini kiti nimekiweka.

Jumamosi, 12 Aprili

"Shikamoo, Baba." "Marahaba." Ndiyo mazungumzo ya leo.

Jumapili, 13 Aprili

Kaka amepiga. Baba amekataa simu, kwa mara ya kwanza. Nikamweleza kaka kila kitu, nikitarajia atanikaripia, na labda ningepumua. Akasema tu, "Wewe ungejisikiaje?" Nimebaki na hilo swali siku nzima. Nimeosha brashi ambazo zilikuwa safi.

Mimi nilidhani nafahamu anachokificha. Nilidhani ni udhaifu, na kwamba ukiuonyesha kwa upendo mtu atapona aibu. Sasa naona hakuwa anaficha ugonjwa. Alikuwa anatunza yule mtu wa kwenye ngazi, katika vichwa vya watu wachache waliobaki wanaomkumbuka. Mimi nimekwenda kumfuta nyumba kwa nyumba, kadi mia mbili na hamsini.

Jumanne, 15 Aprili

Naandika mkono wangu ukiwa na rangi ya buluu. Nieleze kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda kwa seremala kufuata fremu. Amenizungusha wiki tatu: mbao zimelowa, gundi haishiki, mara msiba, mara harusi. Leo zilikuwa tayari kumi, mbili akanikalisha nisubiri. Nikasubiri saa mbili juu ya benchi, nimechoka hata kugomba. Nilirudi saa saba.

Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi. Shuka lilikuwa sakafuni. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti changu, si chake, mbele ya picha, na pembeni pana kopo lake la zamani la rangi ya buluu, limefunguliwa kwa bisibisi. Lilikuwa limebaki kidogo, akalizimua kwa tapentaini yangu.

Alikuwa amechora kibao. Hilo tu. Kibao cha buluu kimewekwa mapajani pa yule mzee kwenye picha, kikubwa kiasi cha kufunika mikono yote miwili. Wazo lilikuwa zuri, hata mimi niliona hapo hapo kwamba lilikuwa zuri: mchora vibao na kibao chake. Lakini kingo. Kingo nne, na hakuna hata moja iliyonyooka. Zilipanda na kushuka, zikatoka nje zikarudi, na upande wa kulia alikuwa amejaribu kurudia juu ya mstari, akarudia tena, mpaka rangi ikachuruzika chini. Alichotaka kukificha kilikuwa pale pale, na safari hii hakikuchorwa na mimi. Amekiandika mwenyewe.

Brashi ilikuwa bado mkononi mwake. Ilikuwa inagonga mkono wa kiti, tiki tiki tiki.

"Nilitaka niweke kibao tu," alisema. "Basi. Kibao ni mistari minne."

"Ndiyo, Baba."

"Mstari umenikatalia."

Nilikasirika, na niliandike hilo pia.  Kazi yangu bora ilikuwa chini ya rangi ya mageti. Kisha akaanza kulia, bila sauti, hana cha kujifutia uso, na hasira ikaniisha. Nilimtoa brashi vidoleni. Nikamfuta uso kwa gauni langu la kazi, nikampaka buluu kwenye shavu.

"Futa," aliniambia. "Futa mama, kabla haijashika."

Haifutiki. Hiyo ndiyo adhabu ya mvua hizi. Rangi zangu za chini hazijakauka. Nikiweka tapentaini juu ya ile buluu, inaondoka na mikono, inaondoka na nusu ya shati, linabaki tope. Nikamweleza. Yeye ni fundi, alielewa kabla sijamaliza.

"Basi ndiyo itaonekana hivyo? Watu wanaujua mstari wangu."

 Nimempikia, hakula. Nami sikula.

Jumatano, 16 Aprili

Madamu amekuja bila taarifa, kuhesabu fremu. Nilisimama mbele ya picha nikidhani naweza kuikinga kwa mwili. Akanisogeza.

Nilisubiri kelele. Badala yake akashika kifua.

"Nani kafanya hivi? Mzee mwenyewe? Kwa mkono wake?" Alikuwa ananong'ona. "Usiguse. Nakusihi, usiguse hata kidogo. Hii sasa ndiyo picha! Tutaandika maelezo pembeni, kwamba mzee aliona aibu ya mikono yake, akaifunika, na huo mstari wake... Watu watalia, dada yangu. Magazeti yatakuja."

Mbaya ni kwamba anasema kweli. Nina macho. Ile mistari minne iliyopinda ina nguvu kuliko mikono niliyoichora mimi. Ikipandishwa ukuta wa mbele jinsi ilivyo, hakuna atakayeingia asisimame. Miaka yote nimetaka watu wasimame mbele ya kitu changu.

"Nifikirie," nikamwambia.

"Hakuna cha kufikiria."

Nimefikiria. Nimechoka kufikiria. Nimelala saa mbili usiku na viatu.

Alhamisi, 17 Aprili

Asubuhi nilimpelekea Baba chai chumbani.

"Baba, nifundishe mstari."

Alinitazama kama vile nimeomba anibebe mgongoni. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimwomba jambo hilo hilo, akasema ngazi si mahali pa msichana, tukayamaliza hapo. Nilijifunza kuchora shuleni, kwa watu wengine.

"Mstari gani?"

"Kingo za kibao. Nitazipanua kidogo kila upande, zile zako ziwe ndani. Rangi ya kopo ninayo, nimenunua ile ile."

Aligeuka akautazama ukuta.

"Yule mama wa ukumbi alisema usiguse. Nilimsikia. Kuta za humu ni karatasi."

"Kazi ni yangu."

Akaja. Nikamwekea kiti nyuma yangu. Alinituma nimletee fimbo yake ya kuegemeza mkono wakati wa kuchora, ile yenye kitambaa kichwani, ilikuwa juu ya kabati. Kisha akawa mtu ambaye sijawahi kukutana naye, mkali, asiye na maneno mengi.

"Keti wima. Kifundo kwenye fimbo, sio kiwiko. Brashi ishibe, isilewe. Hapana. Umeiminya. Ukiiminya imekujua unaogopa."

Mstari wa kwanza ulipinda katikati. Nikasogea nje kidogo, huo ukabaki ndani. Wa pili ukawa mnene mwanzoni, mwembamba mwishoni.

"Unaiangalia brashi," alisema. "Acha kuiangalia. Angalia unakokwenda. Vuta pumzi. Sasa itoe, nenda nayo. Usisimame hata nyumba ikiungua."

Nikaenda. Bega langu lilikuwa linauma, macho yanawasha, na nadhani uchovu ndio ulionisaidia, maana sikuwa na nguvu ya kujikaza. Mstari ulifika mwisho.

Nyuma yangu Baba akainama mbele kuuangalia. Kisha:

"Hiyo."

Tulimaliza mistari minne saa saba mchana. Najua rangi ya kopo juu ya rangi mbichi itakunjamana mwakani. Najua kila kitu ambacho ningemkaripia mwanafunzi. Ni picha ya kawaida sasa. Mzee ameshika kibao cha buluu. Uso ni mzuri, shati si baya. Mtu ataitazama kidogo atapita.

Baba amekula sahani mbili.

Jumanne, 22 Aprili

Tumepandisha picha ukumbini. Madamu hasemi nami, anaongea na kuta. Ukuta wa mbele ameweka picha yangu ya kamba za nguo, ambayo haijawahi kumfurahisha mtu. Ile ya Baba iko kwenye ujia unaokwenda chooni.

Nilisimama mbele yake nikajiuliza kama nimekuwa mjinga. Sikupata jibu. Nilipata njaa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua imekatika. Baba amenyoa. Nimemnyoa mimi.

Ijumaa, 25 Aprili

Yamefunguliwa. Niandike kabla sijalala, japo macho yanafumba yenyewe.

Watu walikuwa kama arobaini. Hotuba, makofi, soda. Kila mtu alikuwa na kadi yake mkononi, na hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Wakazunguka ukumbi mzima wakiitafuta mikono. Baba alikaa kwenye kiti karibu na ujia, mikono mifukoni, amevaa koti lake la harusi ya kaka. Watu walimpa hongera, akawajibu kwa kichwa.

Ni Herufi Kubwa aliyesema kwa sauti. Alisimama mbele ya picha, akaitazama, akaitazama kadi, akaitazama picha tena.

"Binti! Mikono iko wapi? Kwenye kadi ipo, hapa pana kibao!"

Watu wakageuka. Madamu akageuka. Nilitafuta neno, nilikuwa na "mtindo" mdomoni tayari, lile neno alilonikopesha Baba mwenyewe. Nikaona anainuka.

"Iko hapa," Baba alisema.

Akaitoa mifukoni, yote miwili, akaishika mbele ya kifua, pale inapoonekana. Ilikuwa inatetemeka vibaya zaidi kuliko nyumbani, kwa sababu ya watu. Hakuikaza wala hakuishikanisha.

"Kadi haikusema uongo," alisema. "Mwanangu aliichora ilivyo. Mimi ndiye niliyeona haya, nikaenda kuifunika, na nikashindwa. Miaka mitatu nawaambia ni macho. Macho hayana kitu."

Hakuna aliyecheka. Herufi Kubwa alikuwa na mdomo wazi. Kisha akaweka chupa yake ya soda chini, akakaribia picha, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa, akafuata ukingo wa kibao kutoka juu mpaka chini.

"Na huu mstari?" aliuliza polepole. "Huu si wa mkono huo."

"Ni wa huyo," Baba akasema, akaninyooshea mkono, na mkono ulipata tabu kuelekea nilipo, ukayumba kwa mgeni mmoja, kwa Madamu, kisha ukafika. "Nimemfundisha juzi. Nilichelewa."

Nilikuwa nimesimama hapo na trei ya glasi. Niliitazama mikono ile chini ya taa nyeupe za ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze sikuwaza nitaichoraje.